Pua ya Bi Mwanakombo

Mwaka ule sikutamani dhahabu wala safari. Nilitamani usingizi wa mchana, basi. Anayedhani nafanya mzaha na aamke yeye kabla ya adhana ya Alfajiri akande unga, awaogeshe watoto na kuwapeleka skuli, azunguke maduka ya Makadara na vikapu vya mikate, arudi apike chakula cha mchana, aoshe vyombo, kisha aje aniambie kama kuna kitu kingine duniani anachokitaka saa hiyo. Mimi nikifika saa nane nilikuwa sioni mbele. Ukinisalimu nitakujibu au nitalia, yote yalikuwa sawa kwangu.

Naitwa Mejumaa. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, ndani ya kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Chini alipanga Zilpah, karani wa reli aliyetoka bara, mwanamke mpole asiyependa makelele. Juu tulikaa mimi, watoto wangu wawili, na mama mkwe wangu Bi Mwanakombo. Mume wangu Gharib ni baharia. Yeye simhesabu. Huja, hula, hulala, huondoka, na akishaondoka huniachia nguo za kufua.

Kazi yangu ilikuwa mikate ya kumimina, biskuti za vileja na keki, za madukani na za harusi. Zamani nilikuwa nikipikia makaa. Mkate wa kumimina hutaka moto chini na moto juu, kwa hivyo unaweka sufuria kwenye jiko, unafunika kwa bati, na juu ya bati unapanga makaa mengine. Unafunua kutazama, jivu linaingia. Hufunui, mkate unaungua. Mikono yangu ina alama za bati lile mpaka leo, na macho yangu yalikuwa mekundu hata nikashukiwa nimelia kwa sababu ya mume. Nani alie kwa ajili ya Gharib?

Lakini haki yake nimpe. Kutoka Dubai alituletea jiko la gesi, mafiga manne juu na oveni chini, lenye mlango wa kioo. Halikuwa jipya. Lilikuwa limeshapikiwa na watu wengine mpaka alama za kwenye swichi ya oveni zikafutika, hujui wapi ni moto mkubwa, wapi ni mdogo, wapi ni kuzima. Mimi sikujali. Nililipangusa kama mtoto mchanga.

Aliyekuja kulifunga alikuwa Kingi, fundi wa duka la mitungi ya gesi huko Makadara. Alifunga mpira kwenye mtungi, akaukaza, akapaka povu la sabuni kwenye kiungo, akatuonyesha kwamba povu limetulia, halipandi, maana yake gesi haivuji. Kisha akatuketisha mimi na Mama, mkwe wangu, kwenye vibao akaanza kutufundisha.

"Unafungua mlango wa oveni kwanza," alisema. "Halafu unawasha kiberiti, ndio unafungua swichi. Usifungue gesi halafu ndio uanze kutafuta kiberiti, utapoteza nyusi. Moto ukizimika wenyewe, funga, wacha mlango wazi, ngoja hewa ibadilike. Na ukimaliza kupika, usitosheke na swichi ya jiko. Funga hapa juu, kwenye kichwa cha mtungi."

"Na dirisha?" nikamuuliza.

"Dirisha wazi wakati wote. Gesi hii ni nzito, haipai juu kama moshi. Hushuka, ikatambaa sakafuni. Mkisikia harufu, msiwashe kitu, msiguse swichi ya taa, fungeni mtungi na mtoke."

"Harufu gani?" Mama akauliza.

"Ya mayai viza, Bi Mwanakombo. Gesi yenyewe haina harufu. Wanaitia uvundo makusudi, mtu apate kujua."

Mama akacheka, akajigusa pua kwa kidole. "Basi nyumba hini haina hofu. Wewe Kingi wanijua."

Kingi akacheka pia. Alimjua. Nani asiyemjua? Bi Mwanakombo alikuwa mpishi wa udi, na kuanzia Kuze mpaka Bondeni hakuna bibi harusi wa maana ambaye nguo zake hazikufukizwa kwa udi wake. Aliupika mwenyewe, sukari, vumbi la udi, sandali, miski na marashi, na kipimo chake kilikuwa pua. Muuza sandali aliyechanganya mafuta alirudishiwa chupa yake mbele za watu. Mimi nilipoolewa, nikiingia tu mlangoni alikuwa akiniambia nilikopita: "Leo umepita Marikiti, tena umesimama kwa muuza iliki." Nilimwogopa. Mwanamke hana siri kwenye nyumba yenye pua kama ile.

Hivyo ndivyo tulivyopangana. Mchana, baada ya kula, nilikuwa natia sinia za vileja kwenye oveni, namwachia Mama, naenda kulala. Yeye anakaa kwenye kibao chake mlangoni mwa jikoni, akisikia vimeiva anavitoa. Na gesi ikivuja, pua iko pale. Sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule. Nilikuwa nikianguka kitandani na unga kwenye kucha, na kabla sijavuta shuka nimekwisha.

Ilikuwa Shaaban, mwaka mmoja baada ya ile mvua kubwa iliyobomoa barabara na kuwalaza watu kwa homa. Mama naye homa ile ilimlaza, akaugua sana, tukadhani tutamzika. Akapona. Baada ya hapo aliacha kuniambia nilikopita. Nikafurahi, kusema kweli, nikaona uzee umemtuliza. Siku moja maziwa yaliungua jikoni na yeye kakaa pale pale, nikakuta sufuria nyeusi. Nikamwambia, "Mama, ulikuwa ukisali?" Akasema, "Ndiyo." Na vileja vikawa vinatoka vyekundu kupita kiasi, nikalaumu oveni. Nilikuwa nimechoka. Mtu aliyechoka huchukua jibu lililo karibu.

Shaaban ni mwezi wa harusi, kila mtu anataka kuwahi kabla ya Ramadhani. Bi Mapenzi wa Bondeni alikuwa anamwoza bintiye, na kwetu ameagiza kila kitu, mikate na vileja kwangu, udi kwa Mama. Siku hiyo nilikuwa nimemimina mikate, naisubiri iumuke. Kila mwanamke wa hapa anajua kwamba mkate ukiumuka haufai kupigwa na upepo, unaanguka katikati. Basi nikafunga dirisha la jikoni, nikaziba na upenyo kwa kitambaa. Maneno ya Kingi niliyakumbuka. Lakini Kingi hapiki mikate.

Nikatia vileja, nikamwambia Mama, "Vikiwa tayari toa, uzime, ufunge mlango wa jikoni upepo usiingie." Akaitika. Nikaenda chumbani.

Nilizinduliwa na sauti ya Zilpah kutoka chini ya ngazi.

"Mejumaa! Mejumaa! Kuna kitu kinanuka huku chini. Mmeacha nini?"

Nilidhani naota. Chumba kilikuwa kimeanza giza, nilikuwa nimelala kupita kiasi. Nikavuta pumzi, na ule uvundo ukaniingia mpaka kooni. Mayai viza. Nikashuka kitandani miguu ikiwa mizito, nikafungua mlango wa chumba.

Mama alikuwa anateremka kutoka paani, ambako jiko letu la makaa lilikuwa limehamishiwa. Mkononi ameshika chetezo chake cha udongo, na ndani yake makaa mekundu, na udi unafuka juu yake. Kila siku kabla ya Magharibi huifukiza nyumba nzima, chumba kwa chumba, na jikoni humaliza. Siku hiyo tulikuwa tumekaanga samaki, akaamua kuanza na jikoni. Nilimwona akivuka ukumbi taratibu, akinong'ona dua zake, uso umetulia kabisa. Mkono wake wa kushoto ukashika komeo la mlango wa jikoni.

"Mama, usifungue!"

Akageuka. "Una nini? Wanitisha."

"Gesi! Husikii?"

Akasimama, akanitazama usoni. Alinitazama kwa makini sana, kama mtu anayesoma. Kisha akasema, "Kunanuka?"

Aliniuliza mimi. Bi Mwanakombo aliniuliza mimi kama kunanuka, na tumesimama ndani ya uvundo ambao ungemtoa paka mbio.

Sikungoja. Nilimpokonya chetezo kwa mikono miwili, kilikuwa cha moto, nikasikia ngozi ya viganja inashika, nikapanda nacho ngazi za paani bila kukiachia. Juu kuna pipa la maji ya mvua. Nikakitumbukiza kizima kizima, udi, makaa na udongo, kikalia na kuvunjika vipande viwili. Chetezo chenyewe kilikuwa cha mamake.

Niliposhuka Zilpah alikuwa amefika juu, na begi lake la ofisini begani. Kiza kilikuwa kimeanza kuingia ukumbini, na mkono wake unaelekea kwenye swichi ya taa.

"Usiguse taa!"

Akauvuta mkono kama aliyeumwa na nyoka. Nikamwambia amshike Mama washuke wote mpaka nje. Nikajifunga kanga puani, nikafungua mlango wa jikoni, nikaingia nimeziba pumzi. Nikapapasa mtungi, nikakaza kichwa chake mpaka kikagoma. Nikang'oa kitambaa, nikafungua dirisha, nikatoka mbio. Mikate niliiona kwa jicho moja tu. Ilikuwa imeumuka vizuri, haikupigwa na upepo hata kidogo.

Kichochoroni tulisimama sote watatu tumeegemea ukuta. Watoto walikuwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na muda si mrefu wangerudi wakikimbia, wapande ngazi, wawashe taa, kama desturi yao. Jambo hilo lilipopita akilini mwangu nikakaa chini kwenye jiwe la mlango. Mama alikuwa hana viatu. Jirani aliyepita akamsalimu, akamuuliza kulikoni. Mama akamjibu kwamba juu kuna joto.

Uvundo ulipokwisha kutoka nyumbani tulipanda, nikamwita jikoni. Sikuwa na adabu siku ile, nakiri. Nilimwonyesha swichi ya oveni.

"Mama, mbona hukuzima?"

"Nilifukia."

"Ulifukia nini?"

"Moto," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemweleza mtoto. "Nimetoa vileja, nikaupunguza mpaka ukawa kidogo kabisa, nikafunga mlango. Moto wauzimani, na wewe waamka waja kuutaka kwa mikate? Mimi miaka yote sizimi moto, naufukia jivu, asubuhi naufukua."

Basi nikaelewa. Kwenye makaa ndivyo ilivyo. Moto mwanamke hauzimi, anaulaza chini ya jivu, na kiberiti hukaa siku nyingi hakijaguswa. Yeye amekilaza kimoto cha gesi kwenye swichi isiyo na alama, akafunga mlango wa oveni kwa kishindo, upepo wa mlango ukakipuliza kikafa. Gesi ikaendelea kutoka kimya kimya kwenye jikoni lililozibwa na mimi mwenyewe. Hayo nilikuwa naweza kuyasamehe, yalikuwa makosa ya watu wawili.

"Na harufu, Mama?" nikamuuliza. "Ulipanda na kushuka ukipita mlango huu. Harufu je?"

"Nina mafua."

"Mafua ya lini?"

"Wata, Mejumaa, usinihoji." Akajifunga mtandio vizuri. "Nimesema nina mafua. Tia mafuta mikono yako, imeungua."

Akaingia chumbani kwake. Nikabaki nimesimama na viganja vinavyowaka. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na nguvu, kwa sababu hasira nayo inataka mtu aliyelala.

Tangu siku ile sikulala tena mchana. Kingi alikuja akatazama, akasema jiko halina kasoro ila swichi, akachora alama kwa rangi nyekundu mahali pa kuzima. Akauliza imekuwaje hata Bi Mwanakombo asisikie. Mama alikuwa ukumbini, mgongo ametupa, mkono umesimama juu ya mchele anaochagua.

"Alikuwa paani," nikasema.

Sijui kwa nini nilimfichia. Labda nilijua kwamba mwanamke yule akiondolewa pua, watu watakuja tu kumwamkia na kumuuliza magoti yanaendeleaje. Lakini kumfichia kulinigharimu mimi. Mchana nilikaa mbele ya oveni na macho yananitoka, nikijifinya. Nililala nimekaa, kichwa kikagonga meza. Siku moja nilisimama kwenye duka la Makadara nikimsikiliza mwenye duka, nikagutuka yeye amenyamaza ananitazama, nami sijui alisema nini. Niliwapigia watoto kelele kwa jambo la kalamu. Mama alikuwa akipita kimya, akipanda paani na vyombo vyake vya udi, akishuka. Hakuna aliyemgusia mwenziwe neno. Nilimchukia, na hapo hapo namtilia chai sukari anavyopenda.

Bi Mapenzi akaja kuonja udi wake. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye heshima zake, alibisha hodi akaingia na salamu ndefu.

"Masalkheri Bi Mwanakombo. U hali gani? Afya? Watoto? Gharib ana habari?"

"Alhamdulillahi, njema. Karibu, mwanangu, karibu ukae."

Nilileta kahawa na vileja. Mama alikuwa ameazima chetezo kwa jirani, kile chake hakitajwi. Dirisha la ukumbini lilikuwa wazi, na jikoni mtungi nimeukaza kwa mkono wangu mwenyewe. Mama akafungua kopo la udi, akachukua kipande kwa vidole viwili, akakiweka juu ya kaa. Moshi ukapanda. Akainama juu yake, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, kama nilivyomwona akifanya tangu nikiwa bibi harusi.

"Tayari huu," akasema. "Umekubali."

Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Moshi ulinifikia. Kwanza ulikuja udi, halafu miski, na nyuma yao kikaja kitu kichungu, kikali, kinachokwangua koo. Sukari iliyoungua. Udi ule ungefukizwa kwenye nguo za bibi harusi, angenuka kama sufuria.

Bi Mapenzi alikuwa ameacha kutafuna. Ni mtu wa adabu. Alichukua kikombe akanywa. Na Mama akafumbua macho, akamtazama Bi Mapenzi usoni, kwa makini, kisha akanitazama mimi, vile vile alivyonitazama ukumbini na chetezo mkononi. Hapo nikafahamu. Mwaka mzima alikuwa hanusi udi. Alikuwa anatazama nyuso zetu. Tukitabasamu, udi umekubali. Tukikunja uso, anasema bado kidogo. Na siku ya gesi hakukuwa na uso wa kutazama, mwenye uso alikuwa amelala.

Nilimwonea huruma mpaka nikataka kukimbia. Nikajilazimisha kutabasamu. Najua niliweza kidogo, midomo ilivutika. Nilikuwa tayari kuuacha udi mbovu uende Bondeni, mradi uso ule usinitazame vile.

Lakini hakudanganyika. Aliishi nami muda mrefu mno.

"Mejumaa," akasema. "Ndoo hapa. Ukae."

Nikakaa karibu naye. Akanisogezea chetezo.

"Wasikia nini?"

Tangu nilipoingia nyumba ile nilikuwa nimeulizwa kila kitu, chumvi iko wapi, watoto wako wapi, fedha za Gharib zimefika. Hilo sikuwahi kuulizwa. Bi Mapenzi alitazama vidole vyake. Nikauinamia moshi.

"Sukari imeungua, Mama."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Alifunga kopo la udi, akalisukuma chini ya meza kwa mguu.

"Bi Mapenzi, niwie radhi," akasema. "Huu haufai. Nitapika mwingine, na huyu atanusa. Mimi tangu ile homa ya mvua sisikii harufu. Si ya udi, si ya maua, si ya maji machafu. Nilidhani itarudi. Nilikuwa nikiamka nanusa mto, nione kama imerudi."

Bi Mapenzi akaanza kusema maneno ya kumpooza, kwamba daktari wa masikio na pua yuko, kwamba yeye mwenyewe meno yamemwisha. Mama akamkatiza kwa kumjazia kahawa. Walipoagana mlangoni Bi Mapenzi alimshika mikono yote miwili, na nilijua kwamba kabla ya Isha Bondeni nzima itakuwa imejua. Mama naye alijua. Alirudi akakaa, akaanza kukusanya vikombe, na vikombe vikagongana.

"Mama, ungeniambia mimi," nikasema. "Watoto wangekufa. Nawe ungekufa."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Akaweka vikombe chini. Machozi yalikuwa yanamtoka na yeye hayapangusi.

"Kwa sababu wewe ulikuwa walala," akasema. "Nakuona umechoka, mwanangu, sina kitu cha kukupa, mikono yangu haikandi tena. Kitu nilichokupa ni usingizi ule. Ningekwambia sina pua, ungelala?"

Tulikaa pale, vileja vikaingia sisimizi.

Siku ya pili, baada ya kula, nilitia sinia kwenye oveni, dirisha wazi, mikate iumuke kwenye kabati la ukumbini na ikianguka ianguke. Nikavuta kibao nikae kama nilivyozoea kukaa, nikijifinya. Mama akaja akasimama mbele yangu.

"Ondoka."

"Mama, tumekwisha kusema."

"Pua sina. Mato n'nayo." Akaketi chini kwenye mkeka, mwanamke wa umri ule, akainamisha kichwa mpaka akauona ule mstari wa moto wa buluu kwenye kitundu cha chini. "Moto nauona. Ukizimika, nitauona umezimika. Vikiiva nazima kwenye nyekundu ya Kingi, kisha nafunga kichwa cha mtungi, nafunga mpaka mkono uume. Sifukii kitu. Kalale."

Nilikwenda. Nilijilaza nikiwa na hakika kwamba sitalala, masikio yakiwa jikoni. Nilisikia mlango wa oveni. Nilisikia kibao kikiburutwa. Baada ya hapo sijui.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeondoka ukutani. Kwenye kiganja changu, juu ya kovu lililokuwa bado linawasha, palikuwa na kitu. Kiberiti cha nyumba. Amefunga mtungi, akaja akanitia mkononi moto wote uliokuwamo ndani.

Yeye mwenyewe alikuwa amekaa miguuni mwa kitanda changu, na chetezo cha kuazima mapajani. Mkaa umepangwa, haujawashwa. Udi uko pembeni kwenye kisahani.

"Umeamka?" akasema. "Sikutaka kukuzindua. Magharibi yaingia."

"Mbona hujafukiza, Mama?"

"Nakungoja wewe." Akanishika mkono aniinue. "Tembea nyumba nzima kwanza. Ninusie."